Hukumu ya Watu wa Ukingo

Sentensi ile ilianza kuingia mjini Ribati baada ya sala ya alfajiri, na adhuhuri ilipoadhiniwa ilikuwa bado haijakwisha. Si kwamba msemaji wake alikuwa mzito wa ulimi. Badawi bin Muhashamu alijulikana na wote kuwa mtu wa maneno ya mbio, ambaye kisa chake hufika mwisho kabla wasikilizaji hawajakaa sawa. Lakini anga lililokuwa kati yake na mji lilikuwa likivutika, na sauti yake ikavutika pamoja nalo, hata silabi moja ikawa na urefu wa dua nzima.

Kadhi Famau bin Zubeiri aliketi juu ya jamvi la mahakama yake, kichwa amekiinamisha, akiisikiliza sauti hiyo kabla haijapitishwa kwenye mashine ya kuibana. Ilikuwa ngurumo tu, ya chini na isiyokatika. Hakufahamu neno, wala hakutarajia kufahamu. Ila ilikuwa ni desturi yake kutomhukumu mtu ambaye hajamsikia kwa sikio lake mwenyewe, na ngurumo ile, kwa vyovyote vile, ndiyo iliyokuwa sauti ya mtu huyo.

Mbele yake aliketi Daktari Salme binti Tahiri, msimamizi wa hesabu za Kinu, naye ndiye mke wa Badawi. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, buibui amelivaa juu ya koti lake la kazi. Kadhi alipoinua kichwa kuashiria kuwa amekwisha kusikia kiasi cha kumtosha, Salme aliigusa mashine, na asubuhi nzima ikakunjwa ikawa maneno machache yaliyotoka kwa sauti kavu ya Badawi:

“Kadhi wetu, tuhesabuni sisi watu wa Ukingo katika maiti, na Kinu kisisimame kwa ajili yetu, kwa kuwa…”

Hapo ilikatika.

“Kilichobaki kitafika kesho,” alisema Salme. “Pengine baada ya alasiri. Lakini Liwali anaona kwamba maana imekwisha kutimia.”

Kadhi alimwomba amweleze jambo lenyewe tangu mwanzo, amweleze kama anavyoelezwa mtu atakayeulizwa Siku ya Kiyama, wala asimhurumie kwa uzee wake.

Yapo ambayo Kadhi aliyajua tayari, kwani hapakuwa na mtoto mjini asiyeyajua. Ribati ilichimbwa ndani ya barafu ya mwezi mmoja wa Zohali, mahali ambapo jua ni nyota tu iliyozidi nyenzake ukubwa, na joto lote la mji lilitoka katika Kinu kilichozunguka mbali angani. Upande wa pili wa Kinu palikuwa na kituo cha Ukingo, na humo waliishi watu kumi na mmoja waliokiangalia kwa zamu. Mji ulipoasisiwa, waasisi wake walikula kiapo na kukiandika juu ya mlango wa baraza: Kinu kisizunguke juu ya roho iliyo hai. Kwa miaka mingi kiapo hicho hakikumgharimu mtu kitu, kwani Ukingo ulikuwa mbali na eneo la hatari.

“Wazee wa elimu yetu,” alianza Salme, “walidhani kwamba kile kilichoujaza ulimwengu hutiririka kama maji. Ulimwengu unapanuka, nacho kinapanuka nao, bila ya kinyongo. Baadaye ikabainika kuwa kina mnato, kama asali. Kikivutwa hukataa kidogo, na kule kukataa kwake hutoa joto. Joto hilo ni dogo mno, mtu hawezi kuliota. Kazi ya Kinu ni kuuzidisha mnato mahali pamoja, mpaka kule kukataa kutoshe kuupasha mji.”

“Na madhara yake?”

“Madhara yako katika kanuni ya uvutano. Ile ya kale isingetuwezesha kufanya haya. Tunayoitumia ni iliyorekebishwa, ambayo ndani yake kilichomo angani na mpindo wa anga lenyewe vinashurutishana. Kwa kanuni hiyo, mnato ukipita kiasi, shinikizo hugeuka likawa hasi, na mahali hapo huanza kupanuka kwa nguvu zake. Mwaka huu baridi imekuwa kali, tukakizungusha Kinu zaidi, nao ukapita kiasi. Watu wa Ukingo hawakuondoka walipo, Shekhe. Hapana aliyewahamisha. Ni masafa yaliyo baina yetu yanayozaana.”

“Yatazaana mpaka lini?”

“Mpaka yazaane kwa kasi kuliko nuru inavyoweza kuyavuka. Hapo ndipo penye upeo. Aliye nyuma yake hatasikika tena, wala yeye hatatusikia.”

“Huyo huwa amekufa?”

Salme alitazama mikono yake. “Hafi. Atakula, atalala, ataswali, atazeeka. Ni sisi tu ambao hatutajua.”

Akaeleza yaliyobaki kwa sauti ile ile, kama asomaye vipimo. Kinu kikisimamishwa kabla ya juma kwisha, mnato utashuka, anga litalegea taratibu, na watu wa Ukingo watarejea kwa chombo chao baada ya miezi mitatu au minne. Muda wote huo mji hautakuwa na joto ila la akiba. Kisiposimamishwa, juma lijalo hapatakuwa na la kuamua.

Kadhi alimuuliza yeye mwenyewe anataka hukumu gani.

“Nimekuja kama mjuzi, Shekhe.”

“Mahakama hii ina mlango mmoja, mwanangu. Hakuna wa wajuzi na wa wake za watu.”

Alikaa kimya hata ngurumo ya mumewe, iliyokuwa ikiendelea chini ya mazungumzo yao, ikasikika tena. Halafu alisema: “Nikisema namtaka mume wangu, watu watasema nimewaulia watoto wao kwa ajili ya kitanda changu. Nikisema simtaki, nitakuwa nimesema uongo mbele ya kadhi. Basi niwie radhi, usiniulize.”

Hakumuuliza tena.

*

Liwali Sefu bin Jaha alifika baada ya alasiri, peke yake, bila ya askari wala makarani. Yeye na Kadhi walisoma chuo kimoja utotoni, na mazungumzo yao hayakuweza kamwe kuanza bila ya mzaha. Alisema kwamba amekuja kuona kama mwenzake bado anasoma nukta za herufi hali wenziwe wamekwisha kula na kunawa. Kadhi akamjibu kuwa ni kweli, na kwamba ndio sababu yeye ni kadhi na mwenziwe ni mnene.

Kisha mzaha ukaisha. Liwali alieleza kwa adabu kile alichokitaka. Kiapo cha mji kinakataza Kinu kuzunguka juu ya walio hai. Hakisemi neno juu ya maiti. Kadhi akihukumu kwamba watu wa Ukingo wamekufa, mirathi yao itagawanywa, wake zao watakaa eda, na mji utaendelea kupata joto bila ya kuvunja kiapo. Nao wenyewe wameridhia, sauti imesikika.

“Fikihi ina njia mbili za kumhukumia mtu kifo hali hayupo,” alisema Kadhi. “Mashahidi wawili waadilifu waliokiona kifo chake, au upite muda ambao watu wa rika lake hawaishi tena. Badawi hajafika hamsini. Na shahidi pekee niliyeletewa ni yeye mwenyewe, naye anazungumza.”

Liwali alicheka bila ya kupenda, kisha akajifuta uso. “Famau, sikiliza. Joto la akiba litatosha kumbi tatu kubwa tu. Watu wote wa mji tuwapange humo kama samaki wa kuanika, na bado hapatakuwa na joto la kuitwa joto. Waganga wameniambia watakaotutoka ni nani. Vichanga. Wazee. Wenye vifua.” Akasita. “Na mkeo Bi Sauda ni katika wa mwanzo. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, usije ukalisikia barazani.”

“Nimekuwa nikilijua tangu adhuhuri.”

“Basi nieleze mimi ambaye sikusoma nukta. Upande mmoja kuna watu kumi na mmoja ambao hatutawaua. Tutawaita maiti tu, nao waishi huko waliko kwa amani. Upande wa pili kuna watakaozikwa kweli. Neno moja la ulimi wako, na hakuna damu iliyomwagika. Hilo neno lina uzito gani hata ulipime na roho za watu?”

Kadhi alijua kwamba mtu anaruhusiwa kuingia hatarini ili wenziwe waokoke, na pengine jambo hilo humwinua daraja. Kama watu wa Ukingo wangesema, tupo hai na tunawasamehe, nendeni na Kinu chenu, lingekuwa jambo jingine. Mji ungebeba uzito wake kwa macho makavu au kwa machozi, kila mtu akajua amefanya nini. Lakini hili lilikuwa ni kuombwa aseme kisichokuwa, ili wasiotaka kubeba wasibebe. Aliyafikiri haya, na bado mizani ilipanda na kushuka, kwa sababu upande mmoja wake alilala Sauda.

Alisema tu kwamba hahukumu kwa nusu ya ushahidi. Shahidi amesema “kwa kuwa”, na hajamaliza. Kadhi atamngoja amalize.

“Na kama kesho sauti haikufika?”

“Nitahukumu kwa nilichonacho, na Mungu ni Mwenye kusamehe.”

*

Bi Sauda alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, akipuliza uji wake. Walikuwa wametoka kuswali magharibi, na pumzi zake zilikuwa bado hazijatulia. Alikuwa na kifua kibovu tangu ujana, na miaka hiyo ya mwisho kila hewa iliyopoa kidogo ilimkaba.

Kadhi alimweleza kila kitu. Hakuwa na mazoea ya kuleta mambo ya mahakama nyumbani, lakini hili liliingia bila ya kubisha hodi. Mwisho alimwambia kwamba anafikiri kujitoa katika kesi, kwani kadhi mwenye maslahi hapaswi kuhukumu.

“Ukijitoa, atahukumu nani?” aliuliza Bi Sauda.

“Hakuna.”

“Basi Kinu kitaendelea kuzunguka wewe umekaa umekunja mikono, na juma litakwisha. Hiyo nayo ni hukumu, Bwana Famau. Umeivisha kanzu nyingine tu.”

Bi Sauda alikunywa uji wake, akakiweka kikombe.

“Miaka yote hii watu wananiuliza, kadhi nyumbani huwaje. Nawaambia, anakoroma. Sijapata kumwambia mtu kwamba anaogopa. Usiku wa leo utanifanya niwe mwongo?”

“Ninakuogopea wewe.”

“Najua. Nami naiogopa baridi kuliko unavyoniogopea, maana ni mimi itakayenikaba. Lakini niambie, wewe ulinioa nikiwa mke wa kadhi au ulinioa nikiwa blanketi lako?”

Kadhi alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine. Bi Sauda alimshika mkono, akamtaka asimwingize yeye katika hukumu upande wowote, kwani hataki kwenda mbele ya Mola wake akiwa amebeba watu kumi na mmoja mabegani. Baadaye akamwomba amletee sukari, uji haukuwa na ladha.

*

Kipande kilichobaki kilitimia siku ya pili, alasiri imekwisha kuswaliwa. Salme alikileta mahakamani, na Liwali alikuwapo. Hakuna aliyekisikia kabla. Salme alisema hakuthubutu kukibana peke yake. Aliigusa mashine, na Badawi akazungumza tangu mwanzo mpaka mwisho:

“Kadhi wetu, tuhesabuni sisi watu wa Ukingo katika maiti, na Kinu kisisimame kwa ajili yetu, kwa kuwa tumesikia mkitusalia. Tulisimama kimya mpaka mkatoa salamu. Nasi hatutaki kuwafanya nyinyi waongo mbele ya Mola wenu.”

Liwali aliuliza, nani aliyewasalia.

Haikuchukua muda kupata jibu. Imamu wa msikiti wa mtaa wa Kusini aliitwa, mzee mpole mwenye machozi ya karibu, na yeye hakuficha kitu. Uvumi ulipoenea kwamba Ukingo umekwisha kuvuka upeo, waumini wake walishikwa na simanzi, na wengine walikuwa na jamaa huko. Wakaswali sala ya maiti asiyekuwapo, kama madhehebu yao yanavyoruhusu. Hawakungoja hukumu, kwa sababu waliona huruma haihitaji kungoja. Na msikiti ule, tangu kujengwa kwake, ndio uliowarushia watu wa Ukingo adhana na sala zote, ili walio mbali wafuate nyakati za mji. Hakuna aliyekumbuka kuuzima mtambo.

Kadhi aliwaona kwa moyo wake: watu kumi na mmoja katika chumba cha chuma, wamesimama safu, wanasikiliza takbira za jeneza lao. Hawakulalamika. Walidhani mji umekwisha kuamua, na wakaona kilichobaki ni kuwasitiri waliowazika. Ridhaa ambayo Liwali aliitegemea ilikuwa ni adabu ya watu waliodhani hawana tena cha kuombwa.

Imamu alikuwa analia wazi. Kadhi hakumkemea. Alimwambia kwamba Mungu huzipokea nia, na kwamba aliyesaliwa akiwa hai hakupungukiwa na kitu, wala sala ile haikumuua. Kisha akamgeukia Liwali.

“Sefu, umeniuliza neno lina uzito gani. Hawa wamesikia neno lisilokuwa kweli, wakakubali kufa kwa ajili yake. Uzito wake ndio huo. Sitalirudia.”

Liwali aliinamisha kichwa. Hakubishana. Aliuliza tu lini.

Hukumu ilisomwa Ijumaa, katika msikiti mkuu, watu wamejaa hata nje. Ilikuwa fupi. Kadhi alitamka majina ya watu kumi na mmoja, moja baada ya moja, na baada ya kila jina alisema, yu hai. Alisema kwamba wake zao ni wake zao na mali zao ni zao, na kwamba Kinu hakina ruhusa ya kuzunguka juu yao. Hakuwaficha watu kitakachofuata. Aliwaambia kwamba wapo ambao hawatauona mwisho wa baridi hii, na kwamba atakayempoteza mtu wake na kumlaumu kadhi hatakuwa amemdhulumu. Mtu mmoja alisimama kati ya safu, mtoto mchanga kifuani, akamtazama muda mrefu, kisha akatoka bila ya kuchukua viatu vyake. Uso ule ulikaa na Kadhi kila aliposujudu.

Salme mwenyewe ndiye aliyekizima Kinu.

*

Baridi haikuja kwa ghafla. Iliingia chumba baada ya chumba, kama mpangaji mpya anayezoea nyumba. Watu walihamia kumbi tatu, wakalala mgongo kwa mgongo, matajiri na wachukuzi, na Liwali alipasua milango ya nyumba yake ikatengenezwa vitanda vya wagonjwa. Vichanga viliwekwa katikati, penye hewa ya joto, na akina mama walipokezana kuvipakata. Mtoto wa yule mtu wa msikitini alinusurika. Wengine hawakunusurika, na Kadhi alikwenda kwa kila jeneza, akasimama mbele ya kila mzazi, akakubali kila alichoambiwa.

Bi Sauda alifariki mchana, katika mwezi wa pili, kichwa chake kimeegemea bega la Salme. Alikuwa akiwachekesha wanawake waliomzunguka kwa kisa cha harusi ya shangazi yake, akakohoa, hakukimaliza. Salme ndiye aliyemwosha, pamoja na wakongwe wawili, kwa maji yaliyoyeyushwa kwa zamu juu ya jiko dogo. Kadhi alimsalisha mwenyewe. Sauti yake haikukatika mpaka takbira ya mwisho, na ilipokatika, safu nzima ilingoja nyuma yake, hakuna aliyekohoa, mpaka akaweza kutoa salamu.

Siku kadhaa zikapita. Kadhi alirudi kuhukumu, maana watu waliobanana hugombana, na ugomvi wa mablanketi ulikuwa mwingi. Alikuwa akiusikiliza mmoja wao pale Salme alipoingia, uso umebadilika, akamwomba aje chumba cha mitambo.

Habari ya kifo ilikuwa imefika Ukingo, na Ukingo ulikuwa umejibu. Haukujibu kwa maneno. Kwenye mashine ilisikika takbira moja, ya Badawi, ikivutika kiasi kwamba iliwabidi waibane ndipo ijulikane. Kisha ikaja kimya, na nyuma ya kimya hicho kulikuwa na pumzi za watu wengi.

“Wanamsalia Bi Sauda,” alisema Salme.

Kadhi alisimama. Hapakuwa na njia ya kumfuata imamu aliye mbali kiasi kile, na hakujaribu. Alisimama tu kwa heshima, mikono imeshuka ubavuni. Walingoja. Muda ulikuwa mrefu kiasi cha mtu kwenda sokoni na kurudi kabla takbira ya pili haijaingia, nayo haikuhitaji kubanwa sana. Baina ya pili na ya tatu muda ulikuwa mfupi zaidi. Salme alikuwa ameacha kutazama mashine. Alikuwa anatazama ukuta mtupu, akipiga hesabu bila ya kalamu.

“Zinakaribiana, Shekhe,” alinong’ona. “Takbira zinakaribiana. Anga linalegea.”

Kadhi aliinua kidole kumtaka asubiri. Ya nne iliingia, na baada yake, kwa kituo ambacho mtu yeyote msikitini angekiona cha kawaida, ikafuata salamu. Salme alikuwa amekwisha kuizima mashine ya kubana. Sauti ilikuwa nzito bado, imechakaa kwa safari, lakini ilikuwa na pumzi ndani yake na haraka ile ambayo Ribati nzima iliijua.

Salamu ile ilikuwa ya kufungia sala, haikumlenga Kadhi, na hapakuwa na sharia inayomlazimu kuijibu. Aliijibu kwa sauti, kama mtu amwitikiaye aliye mlangoni.